Mdogo Wangu wa Yakobi, Kubali Uhariri kwa Masharti

Mliozoea kuniletea mambo ya wachumba na mawifi leo mnivumilie, maana barua niliyoichagua haina mchumba ndani yake hata mmoja. Imetoka Yakobi, mkoani Njombe, kwa binti anayesomea uhusiano wa kimataifa kwenye chuo kimoja Dar es Salaam. Yuko mwaka wa pili, na sasa amerudi nyumbani kwa likizo ndefu. Nimeipunguza kidogo:

"Dada, shikamoo. Wenzangu wanataka kuanzisha jarida la kitaaluma la wanafunzi na wamenichagua niwe mhariri mkuu. Hela hakuna. Baba anasema nishike masomo, kazi isiyo na mshahara ni kupoteza muda. Kuna mhadhiri anataka jina lake ndilo litangulie. Na mimi mwenyewe naogopa. Nimesoma shule ya kata, Kiingereza changu ni cha kubahatisha, wenzangu wametoka shule za ada kubwa. Halafu mtu wa Yakobi ataandika nini cha kimataifa? Nikubali, au niwaachie wenye uwezo?"

Marahaba, mdogo wangu. Kubali. Masharti yapo na nitakupa, ila kwanza tugombane kidogo kuhusu hilo swali lako la mwisho, maana limeniudhi kuliko habari ya mhadhiri.

Mtu wa Yakobi ataandika nini cha kimataifa? Hapo hapo ulipokaa, Septemba 1905, vita vya Majimaji vilifika kwenye misheni ya Walutheri wa Berlin. Chifu Mbeyela na watu wake waliivamia misheni ya Yakobi, na mmisionari Mjerumani, Gröschel, akawa ndani anajihami. Shuleni tulifundishwa Majimaji kwa mstari mmoja: Waafrika walichoka na Wajerumani, wakaamka. Lakini mwaka 1998 mwanahistoria Mmarekani, Jamie Monson, aliandika makala akionyesha kwamba kwenye nyanda zetu za juu mambo hayakuwa mepesi hivyo. Ukitaka kujua nani aliingia vitani na nani alibaki na Wajerumani, anasema, rudi nyuma mpaka miaka ya 1870, uangalie machifu walivyokuwa wakifungamana na kusigana wao kwa wao kabla mzungu hajatia mguu. Sasa niambie: miungano, uadui wa jirani, dola kubwa ya kigeni inayochagua upande. Si ndiyo mnayofundishwa muhula wa kwanza kwa mifano ya Ulaya?

Huyo huyo Monson, mwaka 2009, akatoa kitabu kuhusu reli ya TAZARA, ile inayotoka Dar es Salaam hadi Zambia kupitia Makambako. Ona basi. Mtu ametoka Marekani, amekuta kazi mbili za maana kwenye eneo lako, na wewe uliyezaliwa hapo unaniuliza utaandika nini.

Tena si wageni tu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Dar es Salaam, wakati huo chuo kile kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda kwenye maeneo yaliyopiganwa Majimaji kukusanya masimulizi ya wazee waliokuwa bado wanakumbuka. Wanafunzi, mdogo wangu, umri wako. Karatasi walizoandika zinarejelewa na wasomi mpaka leo, kwa sababu wazee wale wameshafariki na hakuna tena wa kumuuliza.

Kama 1905 ni mbali, panda basi uende Makambako. Wengi wanaijua kama mahali pa kushuka, kununua mahindi ya kuchoma na kubadilisha gari. Wewe ushuke kama mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, nchi isiyo na bahari, shaba yake ikawa inategemea njia za kusini zinazomilikiwa na maadui zake. Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi yalishasema reli ya kutoka Zambia hadi Dar es Salaam haitalipa. Mwaka 1967 China ikakubali kutoa mkopo usio na riba. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likafika Ndola kutoka Dar. Ujenzi wa reli ukaanza 1970, na 1975 njia ya kilomita 1,860 ikawa imefika Kapiri Mposhi, Zambia. Kipande kigumu kuliko vyote, chenye mahandaki na madaraja mengi, kilikuwa kile cha kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako. Kwa hiyo stesheni ile unayoipita bila kuitazama ni ukurasa wa vita baridi uliomwagiwa zege.

Na habari haijaisha. Septemba 2024, Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kutiwa saini hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo. Wakati huo huo Marekani na Ulaya zilikuwa zikiisukuma njia ya Lobito, inayotoa madini ya Kongo na Zambia kupitia Angola. Mnyukano wa wakubwa, na kimojawapo cha viwanja vyake kina kituo Makambako. Nenda kaongee na wastaafu wa TAZARA. Waulize walijifunza nini kwa mafundi wa Kichina, nani alipandishwa cheo, nani aliachwa, mizigo ilipungua lini na ikahamia wapi. Hayo hayapo kwenye maktaba ya chuo chako.

Bado sijafika kwenye parachichi. Njombe nzima inalima parachichi, kila mwenye eka moja anaongelea soko la nje. Novemba 2022 Tanzania na China zilisaini makubaliano ya kuingiza parachichi zetu kule. Aprili 2025 waziri wa kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, akatangaza kuzuia mazao ya Afrika Kusini na Malawi yasiingie nchini, kwa sababu nchi hizo nazo zilikuwa zimezuia ya kwetu, yakiwemo ndizi. Siku chache baadaye mazungumzo yakafanyika na zuio likaondolewa. Wanachama wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wanatunishiana misuli kwa ndizi na tufaha! Mwanafunzi wa London ataiandika habari hiyo kwa kusoma magazeti. Wewe unaweza kukaa na mkulima wa Yakobi akakueleza karantini ya mmea ina maana gani kwenye mfuko wake. Nani kati yenu mwenye makala?

Nimemaliza ugomvi.

Sasa kuhusu kama wanafunzi wanaweza kweli kuendesha jarida la maana. Novemba 1969, hapo Mlimani, kwenye chuo kile kile cha Dar es Salaam, wanafunzi wa chama kilichoitwa kwa kifupi USARF walitoa jarida jina lake Cheche. Mhariri wake alikuwa Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati. Ndiyo, hisabati. Pamoja naye walikuwepo Henry Mapolu na Zakia Meghji. Hawakuwa na kiwanda cha uchapaji. Walichapa kwa stensili, kazi ya mikono na usiku mrefu, watu wakijitolea. Katika toleo la kwanza kulikuwa na makala ya mwalimu wao, Walter Rodney, kuhusu nguvukazi ya Afrika chini ya ubepari na ubeberu. Angalia mpangilio huo: mwalimu ameandika, wanafunzi wamehariri. Tutarudi hapo kwa ajili ya yule mhadhiri wako.

Septemba 1970 wakatoa toleo maalumu lililobeba maandishi marefu ya Issa Shivji, kijana wa sheria, kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya Tanzania. Hoja yake ilikuwa kwamba kutaifisha mabenki na viwanda baada ya Azimio la Arusha hakukutosha kuvunja utegemezi wetu kwa mitaji ya nje, na kwamba humu ndani kuna tabaka linaloneemeka. Kijana tu, anaipima sera ya taifa zima kwa takwimu za makampuni! Wasomi wakubwa wakakaa chini kumjibu. Maandishi yale yalikuja kuwa kitabu mwaka 1973, na Shivji mwenyewe akawa profesa ambaye huwezi kusoma siasa za nchi hii ukamkwepa.

Novemba 1970 serikali ikalifunga jarida na chama chao pia. Sababu iliyotolewa ilihusu harufu ya itikadi za kigeni, jina lenyewe likiwa linakumbusha magazeti ya Lenin na Nkrumah. Mwaka mmoja tu, likafa. Lakini mwaka uliofuata Umoja wa Vijana wa TANU pale pale chuoni ukaendeleza kazi kwa jarida jipya, na safari hii wakachukua jina ambalo hakuna mtu angeliita la kigeni: MajiMaji. Vile vile vita vilivyofika Yakobi.

Nakueleza Cheche ili ujue urithi ulioukalia, si kwamba nakutuma ukafungiwe. Msikae mkaiga tu majarida ya Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, ingawa la kwao la mambo ya kimataifa lipo tangu 1947 na linahaririwa na wanafunzi mpaka leo. Yasomeni, mjue wanavyofanya. Ila mkiulizwa mfano wenu ni nani, jibu liko Mlimani.

Haya, masharti.

La kwanza ni la mhadhiri. Usimgombeze na usimdanganye. Nenda ofisini kwake na mwenzako mmoja, mwende mmejiandaa, umwambie hivi: "Mwalimu, tunakuomba uwe mlezi wa jarida letu. Jina lako litakuwa kwenye orodha ya washauri, na tutakuletea kila toleo ulipitie kabla halijatoka. Ila uamuzi wa makala ipi iingie tunaomba ubaki kwa wanafunzi, maana ndicho tunachotaka kujifunza." Akikubali, umepata baba wa kitaaluma. Akikataa, tafuteni mwingine kwa heshima. Jarida ambalo mwalimu anachagua makala ni jarida la mwalimu, ninyi mtabaki wabeba mafaili. Na mlezi mnamhitaji kweli: kuna taratibu za chuo kuhusu machapisho ya wanafunzi, na kuna Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 yenye mambo yake ya leseni. Mshauri wa wanafunzi na mlezi wakujulisheni mapema kipi kinawahusu. Msisubiri muitwe.

La pili ndilo moyo wa kazi yote, kwa hiyo nivumilie nilichambue. Makala ikiingia, mtu mmoja tu, tuseme katibu, anajua nani kaiandika. Anafuta jina, anaipa namba. Inakwenda kwa wasomaji wawili ambao hawajui ni ya nani, na mwandishi naye hajui nani wanamsoma. Kila msomaji anajibu kwa maandishi: swali la makala ni lipi? Ushahidi uko wapi? Nani mwingine ameshaliandikia jambo hili na mwandishi amemtaja? Kisha anapendekeza moja kati ya matatu: ipite, irekebishwe, au irudi. Wapeni wiki tatu, si tatu zinazogeuka miezi.

Mtaona mambo. Rais wa serikali ya wanafunzi ataleta makala na itarudishwa, atanuna. Rafiki yako wa chumba kimoja ataleta yake akitegemea umpitishe. Mjibu kwa karatasi ya wasomaji wale wawili, si kwa mdomo wako. Na wewe mhariri ukiandika makala, utoke kwenye kikao kinachoijadili, usikae pembeni unakohoa.

Kuhariri kwenyewe ni kuchambua maharage. Unakaa nayo, unatoa jiwe moja moja, na ukiharakisha mtu atavunjika jino mezani. Jiwe kubwa siku hizi ni kudesa. Zamani mtu alidesa kwa mwenzake, sasa anadesa kwa mashine. Akili mnemba itamwandikia makala laini, yenye marejeleo ya vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani. Wekeni sheria moja ya chuma: kila kitabu na kila makala iliyotajwa, mmoja wenu akione kwa macho yake. Kisipoonekana, makala inarudi, hata kama mwandishi ni mtoto wa balozi. Ni kazi ya kuchosha, haina sifa, na ndiyo itakayofanya msomaji wa Nairobi au Kampala awaamini.

Kiingereza. Mdogo wangu, mhariri mkuu hachaguliwi kwa lafudhi. Kazi yako ni kuona pale hoja inapochechemea, na hilo shule ya kata haikukunyima. Tafuta mwenzako mmoja mwenye lugha safi awe mhariri wa lugha, wewe shika hoja. Lugha utaikuta njiani, kwa sababu kupitia sentensi za watu ndiko kunakofundisha sentensi. Na mkishajipanga, fanyeni jambo ambalo majarida mengi yetu hayafanyi: kila makala iwe na ikisiri ya Kiswahili, na pokeeni makala nzima za Kiswahili. SADC ilikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukakipa nafasi ya lugha ya kazi 2022. Marais wetu wamekipigania huko juu, halafu sisi wenye nacho tunaona aibu kuchambulia sera ya nje kwa lugha hiyo? Hapana, hiyo siielewi.

Kuhusu hela sina maneno mengi. Msianze na kuchapa kwenye karatasi, steshenari itawala bumu lote, yaani posho yenu ya mkopo. Toeni kwa njia ya kidijitali, mkachape nakala chache za maktaba. Ipo programu ya bure ya kuendeshea majarida, Open Journal Systems, inayotumiwa na vyuo vingi duniani. Mkutubi wa chuo anaweza kuwasaidia kuiweka, na awaelekeze pia namna ya kuomba ISSN, ile namba ya tarakimu nane ya kutambulisha jarida. Namba hiyo ni kitambulisho tu, haisemi jarida ni zuri, kwa hiyo msijigambe nayo. Na akija mtu kwenye barua pepe anawaambia waandishi wenu walipe dola kadhaa makala zao zitoke "jarida la kimataifa" ndani ya siku tatu, kimbieni. Hakuna anayesoma makala kwa uangalifu na kuipitisha kwa siku tatu.

Tumefika kwa baba. Baba yako hajakosea, usimwone adui. Amelipa kwa viazi na mbao ili usome, na ameona watoto wa watu wanarudi na sapu, mitihani ya kurudia, kwa sababu ya vyama vya chuoni. Kaa naye jioni, jikoni penye moto, na usimwahidi kazi serikalini, maana huna. Mwambie kitu anachoweza kupima: "Baba, nitaipa saa nane kwa wiki. Matokeo ya muhula yakishuka naachia." Kisha uachie kweli yakishuka. Mtajie na Zakia Meghji, yule aliyekuwa na wenzake wa Cheche akiwa mwanafunzi: mwaka 2006 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri wa fedha nchi hii. Sisemi uhariri ndio uliompeleka hapo, nisije nikaulizwa. Nasema haukumzuia. Baba akisema bado u mtoto kwa mambo ya mataifa, mkumbushe kwa upole kwamba Salim Ahmed Salim alipelekwa Misri kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Kituo cha diplomasia cha Kurasini leo kina jina lake.

Sharti la mwisho, na hili niahidi. Siku utakayotangazwa mhariri mkuu, siku hiyo hiyo chagua wawili wa mwaka wa kwanza wakae kila kikao, waguse kila makala. Wewe una mwaka mmoja na kidogo pale chuoni, kisha unaondoka. Majarida ya wanafunzi hufa mahafali yakipita, si kwa kukosa hela wala kwa kufungiwa. Wenye funguo wanaondoka nazo, anayebaki hajui hata nywila ya barua pepe. Andikeni kila kitu kwenye daftari moja: makala zinaingiaje, nani anazisoma, kalenda ikoje.

Likizo yako bado ina wiki kadhaa. Kabla hujapanda basi la Dar, nenda kwa wazee wa hapo Yakobi na wa Makambako, omba ruhusa, chukua maelezo, andika tarehe na mahali. Makala ya kwanza utakayoipa namba iwe imetoka huko, hata kama mwandishi wake si wewe. Na ninyi wengine mnaoendesha majarida vyuoni, Mlimani, Dodoma, Mzumbe, Zanzibar, Makerere, niandikieni mnavyowapata wasomaji wa makala na mnavyowabana wamalize kwa wakati. Barua zenu nitazitoa toleo lijalo, ili huyu mdogo wetu asianze peke yake.